Kipya kinyemi: Simu kubwa iliyopima nyumba na funzo lake kwa shule zetu

Kuna swali moja ambalo wauzaji wa vyombo vya kisasa aghalabu hawapendi kuulizwa. Swali hilo halihusu bei, wala ukubwa, wala rangi. Ni hili: chombo hiki kitaendelea kunifaa hadi lini, na ni nani aliyeshika ufunguo wa manufaa yake? Mtu binafsi akisahau kuliuliza, hasara itakuwa yake na jamaa zake. Shule ikisahau kuliuliza, hasara itakuwa ya mamia ya wanafunzi pamoja na wazazi waliojinyima ili watoe karo.

Wahenga walituachia usemi kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Maana yake ni kwamba jambo geni humvutia binadamu hata likiwa na madhara ndani yake. Usemi huu haukutungwa kwa ajili ya simu, lakini ni vigumu kupata uwanja unaoufaa zaidi leo kuliko huu wa vyombo vya elektroniki, ambapo kila mwaka huja na mapya yake, na kila jipya hudaiwa kuwa litageuza elimu juu chini. Ndiposa yafaa tuchukue chombo kimoja, tukiweke kwenye mizani, na kutazama uzuri na ubaya wake bila chuki wala mahaba.

Chombo chenyewe ni simu iitwayo Phab 2 Pro. Huenda msomaji akauliza kwa nini tuitafute simu ambayo haimo tena madukani ilhali mpya zimejaa tele. Jibu ni kwamba kisa chake kimekamilika. Twajua mwanzo wake na twajua mwisho wake, kwa hiyo kuihukumu hakuhitaji ramli. Simu mpya ya leo bado ina msemaji wake anayelipwa kuisifu, lakini hii imebaki na ukweli wake tu.

Simu hiyo ilizinduliwa mwezi wa Juni 2016 mjini San Francisco, Marekani, na kampuni ya Lenovo yenye asili ya Uchina, ikishirikiana na Google. Ilianza kuuzwa mwezi wa Novemba mwaka huo kwa dola 499. Ilikuwa simu ya kwanza kuuzwa kwa umma ikiwa na mfumo wa Tango, ambao Google ilikuwa imeutangaza mwezi wa Februari 2014 kama mradi wa utafiti. Lengo la mfumo huo lilikuwa kuipa simu uwezo ambao binadamu huuchukulia kuwa wa kawaida kabisa: kujua iko wapi chumbani, vitu vingine viko umbali gani, na mahali hapa ni pale ilipopitia jana au la.

Kabla hatujaendelea, tuliweke wazi suala la istilahi, kwa kuwa wengi huchanganya mambo mawili. Kuna uhalisia pepe, ambao humfungia mtazamaji ndani ya ulimwengu wa kubuniwa. Avaapo miwani yake mizito, haoni tena chumba alichomo. Kisha kuna uhalisia ulioongezewa, ambao ndio tunaouzungumzia hapa. Huu haumwondoi mtu mahali alipo. Humwonyesha chumba chake mwenyewe kupitia kioo cha simu, na juu ya picha hiyo huongeza vitu vilivyoundwa na kompyuta, vikakaa sakafuni au mezani kana kwamba vipo kweli. Ukizunguka meza, unaona upande wa pili wa kitu ambacho hakipo.

Wazo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani kilichochora maumbo mepesi mbele ya macho ya mvaaji. Kilikuwa kizito mno hata kikaning'inizwa darini. Jina la fani hii kwa Kiingereza nalo lilitokana na kazi ya Tom Caudell mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokuwa katika kampuni ya ndege ya Boeing. Yeye na mwenzake David Mizell walitafuta njia ya kuwarahisishia mafundi kazi ya kupanga nyaya nyingi za ndege. Badala ya fundi kuinama kila mara kusoma mchoro, mchoro ungetokea mbele ya macho yake pale pale anapofanyia kazi.

Tulikumbuke jambo hilo, kwa sababu lina maana kubwa katika hoja hii. Pale Boeing, haja ilitangulia na chombo kikafuata. Kulikuwa na fundi, kulikuwa na nyaya, kulikuwa na usumbufu uliojulikana. Katika simu yetu mambo yalikwenda kinyume. Chombo kilitangulia, kisha watu wakaanza kuzunguka wakikitafutia kazi.

Tuanze na sifa zake, kwani haki haitendeki kwa kutaja kasoro peke yake. Nyuma ya Phab 2 Pro palikuwa na kamera ya kawaida ya kupigia picha, kamera nyingine yenye upeo mpana wa kufuatilia mwendo, na kitambuzi cha kina kilichotumia miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Simu ilitoa miale hiyo, ikagonga ukuta au kiti, ikarudi. Kutokana na muda uliopita kati ya kwenda na kurudi, umbali ukakadiriwa.

Mwalimu wa fizikia atatambua mara moja ugumu wa kazi hiyo. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, nuru husafiri takribani sentimita 30, yaani urefu wa rula ya kawaida ya mwanafunzi. Chombo kinachotofautisha kiti kilicho umbali wa mita mbili na kile kilicho umbali wa mita mbili na nusu kinashughulika na vipande vya muda ambavyo akili haiwezi kuviwazia. Waundaji walieleza kuwa mfumo huu ulichukua vipimo zaidi ya robo milioni kila sekunde. Ukiona vyaelea vimeundwa. Atakayeidharau kazi hiyo hajui alichokidharau.

Faida za uwezo huo zilionekana. Mtu aliweza kuielekeza simu kwenye meza, akagusa pembe mbili za picha, akapata urefu wake bila kamba wala futi. Aliyetaka kununua kochi aliweza kuliona sebuleni mwake kwa ukubwa wake halisi kabla hajatoa hata senti moja, akajua kama litapita au litaziba mlango. Kampuni ya Lowe's, inayouza vifaa vya ujenzi na nyumba huko Marekani, ilikuwa miongoni mwa zilizotengeneza programu za namna hiyo.

Hata hivyo, matumizi yanayotuhusu zaidi sisi watu wa elimu yalikuwa katika majumba ya makumbusho. Mwezi wa Januari 2017, jumba la sanaa la Detroit, yaani Detroit Institute of Arts, lilianza kuwapa wageni simu hizi ili wazungukie nazo. Mgeni alisimama mbele ya maiti iliyohifadhiwa tangu Misri ya kale, akaiinua simu, naye akaona mifupa iliyomo ndani ya sanda, bila mtu yeyote kuigusa wala kuifungua. Hapo chombo kilifanya jambo ambalo maandishi ya ukutani hayawezi kulifanya kwa urahisi. Kilifungua kisichofunguka.

Fikiria basi mwalimu wa biolojia katika shule isiyo na maabara, ambaye kwa miaka mingi amechora moyo wa binadamu ubaoni kwa chaki nyekundu na ya buluu. Mchoro wake ni bapa, nao moyo si bapa. Mwanafunzi hukariri kwamba damu huingia chumba hiki na kutokea kile, lakini haoni jinsi vyumba hivyo vinavyopakana. Mwalimu huyo akipewa uwezo wa kuuweka moyo juu ya dawati, wanafunzi wakauzunguka na kuchungulia nyuma yake, atakuwa amepata msaada wa kweli. Hatuwezi kuukana msaada huo kwa sababu tu umetoka mbali.

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani.

Jambo la kwanza ni ukubwa wenyewe. Simu hii ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 18 na upana wa karibu sentimita 9. Iweke kando ya rula na utaona kwamba ilizidi nusu yake. Uzito wake ulikuwa gramu 259, yaani umezidi kidogo robo kilo ya sukari. Mtu anaweza kucheka, aseme robo kilo si kitu. Basi na achukue pakiti ya robo kilo, aishike mbele ya macho yake mkono ukiwa umenyooka, akae hivyo muda wa kipindi kimoja cha dakika 40. Kabla kengele haijalia, atakuwa ameelewa ninachokisema.

Watetezi wake walisema kwamba ukubwa huo ulikuwa na sababu, nao hawakukosea. Kioo cha simu ya namna hii ni dirisha. Dirisha likiwa dogo, mtazamaji huona kipande tu cha kile kinachoonyeshwa. Isitoshe, vitambuzi vilihitaji nafasi, na betri ya kuvilisha ilihitaji nafasi zaidi. Kioo chake cha inchi 6.4 kilistaajabisha mwaka 2016, lakini leo simu nyingi za kawaida zina kioo cha inchi 6.5 na hata zaidi. Tofauti ni kwamba hizi za leo ni ndefu na nyembamba, na kingo zake zimepunguzwa sana, hivyo hukaa kiganjani. Ile ilikuwa pana, nayo ilidai mikono miwili.

Kudai mikono miwili si jambo dogo darasani. Mwanafunzi aliyeshika simu kwa mikono yote miwili hana mkono wa kushika kalamu. Anatazama, anastaajabu, lakini haandiki. Akiiweka chini ili aandike, kile alichokuwa akikitazama kinatoweka. Kila mwalimu ajua kwamba kustaajabu ni mlango wa kujifunza, lakini si kujifunza kwenyewe.

Jambo la pili ni mazingira. Kitambuzi cha mfumo wa Tango kilifanya kazi vyema ndani ya nyumba, kwa umbali wa nusu mita hadi mita nne hivi. Jua nalo hutoa miale ya infraredi kwa wingi, kwa hiyo nje mchana miale dhaifu ya simu humezwa kama sauti ya mtoto katikati ya soko. Vitu vyeusi sana na vinavyong'aa kama kioo vilikisumbua pia, kwa kuwa havirudishi miale inavyotakiwa. Chombo cha namna hiyo kilibuniwa kwa sebule iliyotulia. Hakikubuniwa kwa darasa la madirisha wazi huko Lodwar, wala kwa somo linaloendeshwa chini ya mwembe huko Kwale.

Jambo la tatu ni nishati. Kufuatilia mwendo, kupima kina na kuchora vitu kwa wakati mmoja ni kazi nzito. Simu ilipata joto mkononi na betri ikaliwa haraka, ingawa ilikuwa kubwa. Shule ambayo umeme hukatika mara kwa mara ingejikuta na mwalimu aliyeandaa somo zuri na chombo kilichozimika katikati yake.

Jambo la nne ni uchache wa programu. Ilipoanza kuuzwa, simu ilikuwa na programu zisizofika 40 zilizoundwa kwa ajili ya mfumo wake. Waundaji wa programu hawakutaka kutumia nguvu kwa simu isiyo na wateja, na wateja nao hawakutaka kununua simu isiyo na programu. Hapo kila upande ulimsubiri mwenzake atangulie. Kinaya ni kwamba mwezi wa Julai 2016, miezi michache kabla simu hii haijafika sokoni, mchezo wa Pokémon Go ulikuwa umeenea duniani kupitia simu za kawaida kabisa zisizo na kitambuzi chochote cha kina. Umma ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba hauhitaji chombo cha pekee ili uone kiumbe wa kubuniwa akirukaruka barabarani.

Kasoro hizo nne zingeweza kuvumilika. Mwanzo wa ngoma ni lele, na hakuna chombo kilichozaliwa kikiwa kamili. Lakini ya tano haikuwa ndani ya simu yenyewe. Ilikuwa maelfu ya kilomita mbali na mnunuzi, katika ofisi za wenye mfumo.

Mwezi wa Juni 2017, kampuni ya Apple ilitangaza mfumo wake wa uhalisia ulioongezewa, uitwao ARKit, ambao ulifanya kazi katika simu zake ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzinunua. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Google nayo ikatangaza ARCore, ambao haukuhitaji vitambuzi vya pekee. Simu ya pili ya Tango, ZenFone AR ya kampuni ya Asus, ilikuwa imetoka mwaka huo huo. Hakuna ya tatu iliyouzwa kwa umma. Mwezi wa Desemba 2017, Google ilitangaza kwamba ingesitisha kuuhudumia mfumo wa Tango, na tarehe 1 Machi 2018 ikafanya hivyo.

Hebu tuhesabu pamoja. Kuanzia Novemba 2016 hadi Machi 2018 ni miezi 16. Tuseme shule fulani ingeinunua simu hii mwanzoni mwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Wanafunzi hao wangefika kidato cha pili, muhula wa kwanza, na mfumo ulioifanya simu hiyo inunuliwe ungekuwa hauna tena mlezi. Simu yenyewe haikufa. Iliendelea kupiga, kupokea na kupiga picha. Lakini kupiga na kupokea si jambo ambalo mtu angelilipia dola 499 na kulibebea robo kilo.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee. Sisemi kwamba Google ilitenda uovu. Kampuni ya biashara ina haki ya kuacha njia moja na kushika nyingine iliyo bora, na kwa hakika njia ya ARCore ilikuwa bora kwa watu wengi zaidi. Ninalosema ni kwamba mnunuzi hakuwa na sauti katika uamuzi huo, ilhali yeye ndiye aliyelipa.

Wapo watakaopinga hoja hii kwa nguvu, na hoja yao yastahili kusikilizwa. Watasema kwamba Tango haikupotea bure. Elimu iliyopatikana humo ilisaidia kuzaa ARCore. Tena mwaka 2020 kampuni ya Apple ilirudisha kitambuzi cha kina katika baadhi ya vyombo vyake, ukiwamo iPad Pro na iPhone 12 Pro, jambo linaloonyesha kwamba wazo la kupima chumba kwa miale halikuwa la kipuuzi. Lilikuwa limewahi kufika kabla ya wakati wake. Watasema pia kwamba iwapo kila mtu atangoja hadi chombo kikamilike, hapana kitakachokamilika, kwa kuwa hapatakuwa na wa kukijaribu.

Nakubaliana nao kuhusu historia. Sikubaliani nao kuhusu shule. Mjini Detroit, jumba la sanaa lenye hazina yake liliweza kufanya jaribio, likajifunza, na lilipoona mambo yamebadilika likabadilika nayo. Kwa jumba kama hilo, jaribio ni sehemu ya kazi. Lakini shule ya umma katika nchi yetu haina fungu la majaribio. Kila shilingi inayotumiwa kwa jambo moja imeondolewa katika jambo jingine linalojulikana kwa jina.

Tuchukue hesabu ya wakati ule. Dola 499 mwaka 2016 zilikuwa sawa na takribani shilingi 50,000 za Kenya. Mgao wa serikali kwa elimu ya msingi bila malipo katika miaka hiyo ulikuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Bei ya simu moja ilikaribia mgao wa mwaka mzima wa wanafunzi 35. Vitabu vyao, chaki yao, madaftari yao na ukarabati wa madirisha yao, vyote vingekuwa ndani ya kioo kimoja cha inchi 6.4.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta funzo hili. Katika mwaka huo huo wa 2016, serikali yetu ilianza kusambaza vyombo vya kidijitali katika shule za msingi za umma, na hatimaye zaidi ya vyombo milioni moja vikafika katika zaidi ya shule 20,000. Nia ilikuwa njema, na wapo walimu waliovitumia kwa ustadi. Lakini yeyote aliyetembelea shule zetu ajua kwamba kuna mahali ambapo vyombo hivyo vilifungiwa kabatini kwa kuhofia wezi, au vikakaa kwa kukosa umeme, au vikaharibika pasiwe na fundi wa karibu. Chombo kilifika, lakini matunzo yake hayakufuatana nacho.

Walimu wanaofuatilia mambo haya watakumbuka pia Expeditions, programu ya Google iliyokusudiwa shule ili kuwatembeza wanafunzi mahali pa mbali bila kutoka darasani. Mwaka 2017 iliongezewa uwezo wa kuweka vitu vya kubuniwa juu ya madawati, na mwanzoni uwezo huo ulitegemea simu za Tango. Ilikuwa programu nzuri. Mwezi wa Juni 2021 nayo ikafungwa. Mwalimu aliyekuwa ameyaandaa masomo yake yote juu yake alilazimika kuanza upya.

Kuna suala jingine ambalo laweza kupuuzwa kwa kuwa halionekani kwa macho. Simu inayopima chumba hujenga ramani ya chumba hicho. Inajua kitanda kiko wapi na mlango una upana gani. Nyumba ya Mswahili ina ukumbi wa wageni na ina ndani kusikoingiwa na kila mtu, na hapana mgeni anayevuka mpaka huo bila kukaribishwa. Yafaa tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza ramani hiyo inawekwa wapi na nani anaruhusiwa kuitazama. Chombo hakibishi hodi, basi na mwenye nyumba akiulize.

Kadhalika, tujihadhari tusidhani kwamba jibu lililopatikana haraka ni elimu. Simu yetu ilipima meza na kutoa jibu. Haikueleza lilivyopatikana. Linganisha na somo ambalo halihitaji hata betri. Mwalimu atawatoa wanafunzi uwanjani, asimike kijiti chenye urefu wa mita moja, nao wapime kivuli chake. Tuseme kivuli ni sentimita 80. Kisha wapime kivuli cha mnazi ulio kando, wakute mita 6.4. Mwanafunzi atagawanya 6.4 kwa 0.8, naye atajua kwamba mnazi una urefu wa mita 8 bila kuukwea. Zaidi ya hayo, atajua kwa nini. Ujuzi huo hauwezi kusitishwa na tangazo la kampuni yoyote.

Simaanishi kwamba turudi kwenye vijiti tu na kuvipa kisogo vyombo vipya. Huo ungekuwa ujinga wa aina nyingine. Mwanafunzi aliyepima mnazi kwa kivuli, akapimiwa tena kwa simu, kisha akaulizwa kwa nini majibu mawili yametofautiana kwa sentimita kadhaa, atakuwa amepata somo bora kuliko mwenzake aliyetumia njia moja. Chombo kipya hupendeza zaidi kikiwa cha pili, baada ya akili kwanza.

Bahati njema ni kwamba leo uwezo mwingi wa simu ile umehamia katika simu za kawaida, ambazo baadhi ya walimu wetu wanazo mifukoni. Katika shule zetu nyingi za bweni rununu ni mwiko kwa mwanafunzi, na sababu za mwiko huo zajulikana. Lakini simu moja mkononi mwa mwalimu, ikionyeshwa kwa vikundi vidogo, yaweza kuuweka moyo ule juu ya dawati bila shule kununua chochote kipya. Ikiwa programu hiyo itafungwa kesho, mwalimu atabaki na simu yake na shule itabaki na fedha zake.

Hukumu yangu basi ni hii. Phab 2 Pro ilikuwa kazi ya kustahiwa na ununuzi mbaya. Uhandisi wake ulikuwa wa hali ya juu, ukubwa wake ulikuwa kero iliyo na sababu, lakini manufaa yake yalifungwa kwa uzi mmoja uliokuwa mkononi mwa mtu mwingine. Aliyeukata uzi huo hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo linalopaswa kututia wasiwasi.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu atakapojiwa na mchuuzi mwenye mkoba wa maajabu, na awe na maswali manne tayari. Ni kazi gani iliyotushinda ambayo chombo hiki kitaifanya? Je, kitafanya kazi katika darasa letu kama lilivyo, kwa jua letu na umeme wetu? Ni kitu gani tutakachokikosa kwa kukinunua? Na kampuni yako ikikiacha mwakani, tutabaki na nini mikononi? Mchuuzi mkweli atayajibu yote bila kutahayari. Asiyeweza kulijibu la nne amekwisha kulijibu. Na aandaliwe chai, ashukuriwe kwa kuja, na asindikizwe hadi langoni na mkoba wake.